Bweha Wasio na Kupe

Vijana wangu mliobaki na vioo na visu, mmenisumbua kwa muda mrefu niwaandikie kazi ilivyokuwa kabla yenu. Sasa nafasi ninayo. Macho yamekataa darubini ya kutazamia damu na goti la kushoto limekataa njia ya Ihumwa, kwa hiyo nimeaga kituoni na kurudi nyumbani kukaa. Msitafute humu habari za nani alipandishwa cheo na nani alipewa koti lenye vifungo vya shaba. Langu mwenyewe lililiwa na mchwa, vifungo wakaviacha. Nitawaeleza habari za wanyama wakali na wadudu wao, na za watu wachache ambao bila wao ningekuwa mpaka leo nabeba pembe za matajiri.

Jina langu mnalijua, Juma Maganga, Mnyamwezi. Ugogo nilifika kwa miguu, sanduku begani, katika msafara uliotoka pwani kwenda boma la Kilimatinde siku zile reli haijafika bara. Mnyapara alinipa sanduku lile akaniambia, “Ukianguka nalo, usiamke.” Sikujua lina nini. Nililibeba kama mtu anayebeba maziwa ya mkwe, na kila tulipopumzika nililitua mimi mwenyewe. Tulipofika, Mdachi mmoja mrefu, ngozi ya pua inambanduka kwa jua, alilifungua mbele yetu. Ndani mlikuwa na vioo vyembamba, vingi, kila kimoja kimefungwa peke yake. Alivihesabu vyote. Hakuna kilichovunjika. Aliniangalia miguu kwanza, kisha uso, akasema kwa Kiswahili chake cha amri za jikoni, “Huyu hapana rudi. Huyu kaa.”

Huyo ndiye Bwana Daktari, tabibu wa mifugo, na hivyo ndivyo nilivyoingia kazini. Si kila Mdachi aliyepita nchi hii ana wa kumwombea dua, na mengine siandiki kwa sababu boma lina masikio. Ila huyu alikuwa na mikono ya kazi. Alichafuka nasi, alikula vumbi nasi, na hakuwahi kumtuma mtu kushika asichoweza kukishika yeye. Namshukuru, na nimeona niliseme mapema nisije nikalisahau.

Mwalimu wangu hasa, lakini, alikuwa Mzee Feruzi wa Bagamoyo. Alikuwa msaidizi wa Daktari tangu pwani, mzee mwembamba aliyechuna ngozi huku amevaa kanzu nyeupe, na jioni kanzu bado nyeupe. Mimi hata leo sijui alifanyaje. Siku ya kwanza alinipa mbuzi mmoja na sindano, akaniambia nitoe tone moja la damu ya sikio, niliweke kwenye kioo, kisha nilitandaze kwa ukingo wa kioo kingine. Nikatandaza. Ikawa nzito kama uji wa mgonjwa.

“Unaisukuma,” akasema. “Damu haisukumwi, mwanangu. Ivute ije yenyewe. Hujaoa wewe?”

“Bado, mzee.”

“Inaonekana.”

Nilivuta damu ya mbuzi yule mpaka masikio yake yakawa na matundu kama chujio. Nilipopata kioo kimoja chembamba, kinachoonyesha mwanga upande wa pili, nilikianika juani kwa fahari nikaenda kunywa maji. Niliporudi nzi walikuwa wamekilamba chote. Mzee Feruzi alikuwa ameketi pale pale akiwatazama wakila. “Sasa umejifunza mambo mawili,” akasema. Nanyi jifunzeni bila kulambiwa: kioo kikikauka tu, kiingie sandukuni, na miguu ya meza isimame ndani ya vikopo vya maji, maana sisimizi wa Ugogo nao wanapenda damu kuliko sukari.

Mwaka huo huo niliugua homa ya papasi. Nilikuwa nimelala katika kibanda cha kambi ya misafara, mahali walipolala wapagazi wa miaka na miaka, na papasi wa sakafuni walinipokea vizuri. Homa ilikuja, ikaenda, nikadhani nimepona, ikarudi. Mzee Feruzi aliniuguza, na nilipokuwa nimejaa jasho alinitoboa kidole akachukua damu yangu kwenye kioo. Nilimwambia anionee huruma. Akanijibu kuwa anayo, ila kioo nacho anacho. Nilipopata nafuu aliniketisha kwenye darubini nikaona vinyuzi vilivyojikunja vikicheza kati ya chembe za damu yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo sikuhitaji kuambiwa kwamba mdudu mdogo anaweza kumlaza mtu mzima. Na nilipona kwa mikono ya mzee yule, Mungu amlaze pema.

Kazi ya Daktari ilikuwa kutafuta maradhi ya ng'ombe, mbuzi na mbwa yanakaa wapi wakati hakuna mnyama anayeumwa. Zizi lilipona, mwaka ukapita, maradhi yakarudi. Yalikuwa yamelala kwa nani? Alishuku wanyama wa porini, hasa wala nyama, na kila aliyeuawa alitaka tumpasue: simba, chui, mondo, kanu, mbwamwitu. Simba wa kwanza niliyempasua niliogopa kumshika, na kumbe tumbo lake lilikuwa na minyoo kama la mtoto wa jirani, na nyuma ya masikio kupe wamepangana. Manyoya yanang'aa, mafuta anayo, hakuwa na dalili ya ugonjwa wowote. Nilimuuliza Mzee Feruzi inakuwaje.

“Mla nyama humla mnyama pamoja na wageni wake,” akasema. “Wengine wakishaingia hawatoki. Na yeye amewazoea. Ni kama mwenye kambi ya misafara. Wageni wanakuja na homa zao, wanalala kwake, wanaondoka nazo, na yeye haumwi.”

Maneno hayo yameniongoza kazini kuliko kitabu chochote. Mzee alirudi kwao Bagamoyo kabla kituo chetu hakijahamia Dodoma, akaniachia kisu chake cha kuchunia. Ninyi mnakitumia sasa. Msikinoe kwa jiwe la barabarani.

Mnyama aliyetushinda ni fisi. Simba waliletwa kwa ngoma, chui kwa siri kwa sababu ya ngozi, lakini fisi hakuna Mgogo aliyekubali kumgusa. Fisi, walisema, hujui ni wa porini au ni wa mtu. Ukimuua wa mtu, mwenyewe atakutafuta. Akinaswa mtegoni karibu na nyumba, watu walikaa mbali na mahali hapo na kunong'ona. Daktari alitoa chumvi, akatoa nguo. Wapi.

Aliyetufungulia njia ni Chiwanga wa Ihumwa. Alikuwa na ng'ombe, maneno mengi, na kicheko cha kusikika ng'ambo ya korongo. Tulikutana sokoni, na aliposikia mimi ni Mnyamwezi alinipokonya muwa niliokuwa nakula akaumaliza mbele yangu. Nilishukuru Mungu, nikajua nimepata mtani. Ninyi mliozaliwa mjini mnadhani utani ni mzaha tu. Mzaha ni nusu yake. Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu siku za misafara, na mtani hukutukana ukacheka, hukuchukulia kitu ukanyamaza, lakini siku ya msiba ndiye anayekuoshea maiti, ndiye anayechimba, ndiye anayeshika kile ambacho ndugu wa damu haruhusiwi kushika. Fisi alipofia mtegoni kwake, Chiwanga alikuja kituoni asubuhi.

“Mbukwenyi!” akanisalimu kwa Kigogo. “Wewe mbeba mizigo. Kuna maiti ya ndugu yako kwangu. Njoo umchukue.”

“Ndugu yangu yupi?”

“Yule mwenye miguu ya nyuma mifupi. Mmefanana kutembea.”

Nikaenda na mkokoteni. Mkosi wa fisi kwangu haukuwa na nguvu kwa sababu mimi ni mtani, na watu walinisindikiza wakinizomea kwa furaha. Kuanzia hapo kila kijiji chenye fisi kilinitumia salamu, na Daktari akapata fisi wengi kuliko alivyotarajia. Na watu walipoona kuwa sikufa, wakaanza kutuletea bweha pia, wenyewe, kwa mikono yao.

Sasa reli ilikuwa imeshafika Dodoma, na pamoja na reli walikuja Wadachi wengi na mbwa wao. Bwana Mkubwa wa boma alileta mbwa wa kuwindia kutoka Ulaya, wakubwa, masikio yamelala. Nyama waliyokula sitaisema, msije mkaona uchungu. Isipokuwa mmoja, hawakumaliza mwaka. Mmoja baada ya mwingine aliacha kula, ufizi ukawa mweupe, kisha wa manjano, mkojo ukawa kama kahawa, akafa. Mimi nilichukua damu za masikio yao, na ndani ya chembe nyekundu tuliwaona wadudu wawili wawili, mfano wa mbegu za boga zilizokutana ncha. Daktari aliwajua. Ni ugonjwa unaoletwa na kupe. Lakini kupe waliutoa wapi?

Mbwa wa vijijini walikuwa na kupe tele na hawakufa. Bwana Mkubwa alisema basi jibu hilo hapo. Daktari akasema subiri, huenda wanyama wa porini nao wanao. Akatazama bweha wote tulioletewa, maana ndio ndugu wa mbwa, akitafuta kupe kwa kibano, sikio kwa sikio, kwapa kwa kwapa. Hakuona hata mmoja. Damu yao nayo ilifika imeshaganda na kuoza, hakuna cha kusoma. Daktari alikuwa mtu wa kusema alichokiona, na alichokiona ni bweha wasio na kupe. Hakuwa na jibu lingine la kumpa Bwana Mkubwa.

Akida akatangaza sokoni: mbwa wote wa vijiji, kuanzia Ipagala mpaka Ihumwa na kuendelea njia ya Chamwino, watapigwa risasi mara mvua zikikatika.

Yafaa mjue maana ya amri hiyo. Mgogo analala ndani ya tembe, na zizi liko uani. Kitu kinachosimama kati ya ndama na fisi ni mbwa. Mbwa akifa, fisi anaingia, na akimaliza ndama anatazama mlango. Kwa mwenye ng'ombe wengi ni hasara. Kwa Mama Nyemo, dada yake Chiwanga, ilikuwa ni mwisho. Alikuwa mjane mwenye mbuzi wachache na binti mdogo, nyumba yake ya mwisho kuelekea porini, na ulinzi wake wote ulikuwa mbwa wawili wa rangi ya vumbi.

Alikuja kituoni mwenyewe, mchana, mbwa wake nyuma. Chiwanga alikuwa naye. Mama Nyemo hakuwa mtu wa kelele. Alisimama uani, akaniambia, “Baba, nasikia ninyi ndio mnaowajua mbwa. Watazameni hawa. Kama wana kosa, mniambie mimi kabla ya kuwaua.”

Nilimpa kigoda, akakataa kukaa. Mbwa wakalala miguuni pake. Nikamgeukia mtani wangu, kwa kuwa mtani ndiye wa kupunguza uzito wa jambo.

“Tatizo ni ninyi Wagogo,” nikamwambia Chiwanga. “Hata wanyama wenu hawana maana. Bweha gani hana kupe hata mmoja? Kupe wenyewe wamewakimbia kwa njaa.”

Chiwanga hakuchelewa. “Hawana kupe kwa sababu sisi ni watu wasafi, si kama ninyi mnaolala na papasi kambini. Unadhani wanazaliwa hivyo? Tunawatoa!”

“Mnawatoa nani?”

“Kupe! Mnyama wa porini hapitishwi karibu na zizi na kupe zake, hata mtoto anajua. Tunamgeuza kwanza juu ya moshi wa mavi ya ng'ombe. Wanaanguka, tunawachoma. Wanaobisha, dada huyu anawatoa kwa mwiba. Na wa kwenu tulizidisha. Kitu kinakwenda serikalini! Tungewaletea kichafu, si tungechapwa kiboko?”

Ngozi zile zilinuka moshi tangu mwanzo. Lakini katika Ugogo nini hakinuki moshi? Mimi mwenyewe nilinuka moshi. Nilimtazama Mama Nyemo, naye akatikisa kichwa kukubali, akaongeza kwa heshima kuwa kwa yule bweha wa mwisho alikesha, kwa sababu masikio yalikuwa yamejaa.

Nilikimbia kumwita Daktari. Nilipomweleza, aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akashika kichwa, kisha akaanza kucheka mpaka pua ikawa nyekundu zaidi. Hakuna aliyechapwa. Alimwambia Mama Nyemo asante kwa kazi nzuri, na akaniagiza niwaambie watu kuwa serikali inataka wanyama wachafu.

“Hatimaye imejijua,” akasema Chiwanga. Hilo sikulitafsiri.

Ila kwa kuogopa kuwa heshima ingewashinda tena, tulikwenda wenyewe. Tulitega karibu na nyumba ya Mama Nyemo, yeye akituonyesha njia za bweha, na asubuhi tulimkuta mmoja hai, mwenye afya, ananguruma. Nilimfunika gunia kichwani, Daktari akamshika miguu. Masikio yake yalikuwa yamejaa kupe kiasi kwamba Mama Nyemo aliona aibu kwa ajili yake akaomba amsafishe. Tukamzuia. Nilivuta damu ya sikio, kioo kimoja, viwili, vingi, vyembamba kama alivyotaka Mzee Feruzi. Tulipofika kituoni Daktari alikaa kwenye darubini tangu jua liko juu mpaka linaelekea magharibi, akiniambia niongeze tone la mafuta ya darubini, nibadilishe kioo. Kisha alisogea akaniachia nafasi. Nilitafuta sana, maana walikuwa wachache mno. Nikawaona. Mbegu mbili za boga, ncha kwa ncha, ndani ya damu ya bweha ambaye haumwi chochote. Mwenye kambi na wageni wake.

Nilidhani yamekwisha. Daktari alikwenda bomani, nami nikimbebea darubini. Bwana Mkubwa alitazama mara moja, akauliza kitu, na nilielewa Kidachi cha kutosha kujua alichouliza. Nani anasema wadudu hawa ndio wale? Huenda wa bweha ni wa bweha. Daktari akasema kuna njia ya kujua: kupe wa bweha wawekwe juu ya mbwa wa Ulaya ambaye hajawahi kuumwa na kupe. Bwana Mkubwa alikuwa amebakiwa na mbwa mmoja tu. Akamwekea huyo mkono kichwani, akasema, “Wewe nawe una mbwa, Daktari.”

Alikuwa naye. Minka, jike mdogo mwenye manyoya ya kahawia, aliyezaliwa kituoni na mama aliyekuja kwa meli. Daktari alikuwa amemlea juu ya jukwaa la mbao, miguu ya jukwaa ndani ya vikopo, na kila jioni alimkagua kwa vidole. Hakuwa na mke wala mtoto. Sisi sote tulimzoea Minka. Alikuwa akiniibia kibano na kukificha.

Mvua zilikuwa zimeanza kupungua, na askari walikuwa wameshapewa risasi za kazi ile. Kesho yake Daktari aliwatoa chupani kupe tuliowachukua kwa yule bweha, wale walioiachia ngozi yake na kuwa tayari kuuma tena, akawafungia chini ya kitambaa kwenye sikio la Minka. Alifanya mwenyewe. Nilimshikia kichwa, na Minka akanilamba mkono, akidhani tunacheza.

Kwa siku nyingi hakuwa na kitu. Kila asubuhi nilitoa tone la damu, tukatazama, hakuna. Nitawaambia ukweli: sikujua niombe nini. Akiugua, mbwa wa Mama Nyemo wamepona. Asipougua, huyu amepona. Kisha asubuhi moja hakuja kuniibia kibano. Nilipotazama damu yake, mbegu za boga zilikuwa zimejaa.

Bwana Mkubwa aliitwa. Alikuja, akatazama, safari hii kwa muda mrefu. Kisha aliondoka. Amri ile haikufutwa. Ilisahauliwa, na hivyo ndivyo boma linavyoomba radhi. Askari walirudisha risasi ghalani. Badala yake Wadachi waliambiwa mbwa wao walale juu ya majukwaa na wakaguliwe kila jioni, na jaa la boma, ambako bweha walikuwa wakija kula mabaki, lifukiwe. Daktari alieleza kuwa mbwa wa vijijini nao wanao ugonjwa ule. Waliupata wakiwa wachanga, wakauzoea. Ukiwaua wote, kupe wataendelea kuupata kwa bweha, na bweha huwezi kuwamaliza kutoka hapa mpaka Tabora.

Minka tulimpa dawa mpya, ile ya rangi ya buluu, kidogo iliyokuwepo. Ilimfanya ufizi uwe wa buluu, na siku moja alikunywa mchuzi tukafurahi. Mama Nyemo alisikia, akawa anatembea kutoka Ihumwa na kibuyu cha maziwa ya mbuzi, anamtia kinywani kwa vidole. Lakini dawa ilikuwa imechelewa. Minka alikufa mchana, kichwa kikiwa kwenye kiatu cha Daktari.

Kazi ni kazi. Alipaswa kupasuliwa. Daktari alishika kisu, akakiweka, akaniambia, “Juma, fanya wewe.” Nikafanya, kwa kisu cha Mzee Feruzi, kwa adabu, nikashona vizuri. Wengu ulikuwa mkubwa, kama nilivyotarajia kwa ugonjwa ule. Nilimfunga katika shuka safi.

Tulichimba kaburi nyuma ya kituo. Nilidhani tutakuwa sisi wawili. Lakini Chiwanga alikuwa amefika na watu wa Ihumwa, wanaume na wanawake, na Mama Nyemo mbele. Daktari alikuwa amemshika Minka mikononi, anatazama shimo, hawezi kuinama. Ndipo Chiwanga aliporuka ndani ya kaburi akalala chali, mikono kifuani.

“Mdachi!” akapiga kelele kwa Kigogo. “Mchawi mkubwa wewe! Hata fisi hali mtoto wake, wewe umewalisha kupe mwanao! Sitoki humu! Mzike mahali pengine! Mpaka unilipe kofia hiyo!”

Watu wakapiga vigelegele. Daktari aligeuka kwangu, uso umemwiva. “Anasema nini? Ananitukana?”

“Ndiyo, Bwana,” nikamwambia. “Anakutukana sana. Hapa mtu hatukanwi hivyo kaburini ila na mtani wake. Mgeni akifiwa, watu hupita kimya. Wewe hawakupiti. Wanasema msiba huu ni wa kwao, na mfiwa hawatamwacha alie peke yake.”

Daktari akavua ile kofia yake ngumu nyeupe, akaitupa shimoni. Chiwanga aliivaa ikamfika puani, akatoka akiwaamrisha watu kwa sauti ya askari, kulia, kushoto, na Daktari akacheka, akacheka, mpaka kile kicheko kikageuka kuwa kilio na hakukificha. Mama Nyemo alimpokea Minka mikononi mwake. Akapiga magoti, akamlaza mwenyewe chini, akamfunika uso.

“Lala, mwanangu,” akasema. “Wangu wako hai.”

Nimeona mengi katika kazi hii, vijana, na mengi nimesahau. Hilo sijalisahau, na ndiyo sababu nimeketi kuandika. Kofia nyingine ilichelewa sana kuja kwa reli, na Daktari alizunguka Dodoma yote kichwa wazi juani, anabanduka mpaka masikio, watu wa Ihumwa wakimpokonya muwa na kumwita mtani. Siku moja Bwana Mkubwa alimsimamisha mbele ya boma, mbele yetu sote, akamuuliza kwa Kidachi kofia ya serikali iko wapi.

Daktari alimjibu kwa Kiswahili. “Nimefiwa,” akasema. “Watani wameichukua.”